Sauti Isiyokusanywa: Vikumbusho vya Sinema na Televisheni, Kutoka Vugiri Hadi Kianjokoma

Utangulizi

Kianjokoma ni soko lililoko katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, katika nchi ya Waembu, si mbali na ukingo wa msitu. Ni mahali pa chai na kahawa. Lugha ya nyumbani ni Kiembu. Kiswahili ni lugha ya soko, ya shule na ya afisi. Mtafiti anayeshughulikia historia ya sinema ya Afrika ya Mashariki aghalabu hafiki huko. Huanzia Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam au Nairobi, kwa kuwa majumba ya sinema yalijengwa katika miji hiyo, na kwa kuwa huko ndiko kulikobaki mabango, tikiti, picha za wachezaji na mashine kuukuu ambazo leo hutafutwa na wakusanyaji.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya wananchi wa Kenya waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakuiona sinema kwa mara ya kwanza ndani ya jumba. Waliiona nje, usiku, katika uwanja wa soko au wa shule, mbele ya kitambaa cheupe kilichotundikwa kando ya gari la serikali. Hawakukata tikiti, na hakuna bango walilobandua ukutani. Mkanda wa filamu, mashine na kitambaa viliondoka na gari usiku uleule au kesho yake asubuhi. Kilichobaki ni maneno waliyoyasikia.

Makala haya yana hoja moja. Katika maonyesho ya sinema ya Afrika ya Mashariki, sehemu iliyomfikia mtazamaji kwa ukaribu zaidi, na ambayo ingekuwa na faida kubwa zaidi kwa mwanahistoria wa lugha, ilikuwa ni sauti ya mtu aliyeieleza picha. Lakini tangu mwanzo hadi leo, waliokusanya masalia ya sinema wamekusanya vitu vinavyoonekana na kushikika, na sauti hiyo wameiacha ipotee. Hoja hii itafuatwa kwa mpangilio wa nyakati, na mwishoni yatatolewa mapendekezo.

Kikumbusho na Thamani Yake

Kabla ya kuendelea, yafaa kulitazama neno lenyewe. Kiswahili kina kitenzi kumbuka, na kutoka humo kumbusha. Kutokana na kumbusha twapata ukumbusho, kikumbusho na makumbusho. Neno kikumbusho, kwa hiyo, halikitaji kitu kwa umbo lake wala kwa umri wake bali kwa kazi yake: ni kitu kinachomfanya mtu akumbuke. Kiatu kikuukuu ni takataka mpaka apatikane mtu ambaye kiatu hicho kinamkumbusha jambo fulani. Maana hii itatufaa baadaye, tutakapouliza kama sauti nayo yaweza kuitwa kikumbusho.

Katika nchi za Magharibi ukusanyaji wa vikumbusho vya sinema umekuwa biashara kubwa. Wapo waliouanza kwa mapenzi tu. Henri Langlois, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Cinémathèque française mjini Paris mwaka 1936, alikusanya filamu pamoja na maleba, michoro na mashine wakati ambapo makampuni yenyewe yalikuwa yakizitupa. Mwaka 1970 kampuni ya MGM ya Marekani ilipiga mnada maleba na vifaa vyake vya kuigizia, na mnada huo ukawafumbua wengi macho. Tangu hapo bei zimekuwa zikipanda. Gauni jeupe alilolivaa Marilyn Monroe katika filamu ya The Seven Year Itch ya mwaka 1955 liliuzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4. Jozi moja ya viatu vyekundu vilivyovaliwa na Judy Garland katika The Wizard of Oz ya mwaka 1939, iliyoibwa katika jumba la makumbusho mwaka 2005 na kupatikana mwaka 2018, ilinunuliwa mnadani Desemba 2024 kwa zaidi ya dola milioni 30, pamoja na ada za mnada.

Kenya nayo ina vikumbusho vya namna hii, lakini yafaa kuuliza ni vya sinema ipi. Nyumba ya Karen Blixen mjini Nairobi, iliyofunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka 1986, ina vitu kadhaa vilivyotumika katika utengenezaji wa filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985. Katika Mbuga ya Taifa ya Meru, upande wa pili wa nchi hiihii ya Mlima Kenya, lipo kaburi la simba Elsa aliyekufa mwaka 1961, ambaye kitabu cha Joy Adamson cha mwaka 1960 na filamu ya Born Free ya mwaka 1966 vilimfanya ajulikane ulimwenguni. Vitu hivi vinastahili kutunzwa. Lakini vyote viwili ni vikumbusho vya filamu zilizotengenezwa na wageni, kwa Kiingereza, kwa ajili ya watazamaji wa ng'ambo. Havikumbushi jinsi Mwembu, Mmeru au Mswahili alivyoitazama sinema, wala lugha aliyoisikia alipoitazama.

Haifai kusemwa kwamba Wakenya hawana desturi ya kukusanya. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya maelfu ya vitabu, stempu na kazi za sanaa za Kiafrika, na sehemu ya hazina yake imo katika jengo la Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Mfano wake unaonyesha kwamba mtu mmoja mwenye subira aweza kuliokolea taifa urithi mkubwa. Unaonyesha vilevile kwamba kitu hukusanywa kikiisha kutambuliwa kuwa na thamani. Kitabu na kinyago vilikuwa vimetambuliwa. Maneno ya mtu aliyesimama kando ya gari la sinema hayakuwa yametambuliwa.

Vugiri, 1935 hadi 1937

Mwanzo wa jambo hili unapatikana Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, Tanganyika. Huko ndiko kulikofanyiwa, kati ya mwaka 1935 na 1937, jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika, lililosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha zilizotoka hasa katika Shirika la Carnegie la New York. Viongozi wa kazi walikuwa L. A. Notcutt, aliyekuwa ameishi Afrika ya Mashariki kama msimamizi wa mashamba, na G. C. Latham, aliyekuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Taarifa yao ilichapishwa London mwaka 1937 kwa jina la The African and the Cinema.

Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, zikihusu afya, kilimo, mifugo, uwekaji wa akiba na mengineyo. Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuangaliwa zaidi ni namna sauti ilivyoambatanishwa na picha. Ili kupunguza gharama, mkanda uliotumiwa ulikuwa mwembamba, wa milimita 16, nao haukubeba sauti. Sauti ilitiwa katika sahani za santuri, ambazo zilipigwa sambamba na picha. Kwa njia hiyo picha ileile iliweza kuonyeshwa kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine, kwa kubadilisha sahani tu. Wahusika walisafiri na filamu hizo katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Huo ulikuwa wakati mkubwa katika historia ya Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imeanzishwa mwaka 1930, na kamusi sanifu za Frederick Johnson zilikuwa zikikaribia kutolewa. Zilichapishwa mwaka 1939. Wakati wataalamu walipokuwa wakipima maneno juu ya karatasi, huko Vugiri Waafrika walikuwa wakisema Kiswahili mbele ya kinasa sauti ili kueleza mambo ambayo hayakuwa yamezoeleka kuelezwa kwa lugha hiyo: minyoo ya safura, hati za akiba, chanjo ya ng'ombe. Sahani hizo, kwa hiyo, zilikuwa ni ushahidi wa Kiswahili cha kusemwa cha miaka ya 1930, chenye lafudhi na istilahi zake.

Katika hazina ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza zinajulikana filamu tatu za jaribio hilo: moja ya mafunzo ya uganga wa mifugo, moja ya minyoo ya safura, na moja ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira. Kati ya 35, ni tatu. Na ikumbukwe kwamba filamu ya namna hii, ikitenganishwa na sahani yake, hubaki bubu. Mtafiti wa leo aweza kuiona midomo ikifunguka, lakini ataijua habari yenyewe kwa Kiingereza cha taarifa ya Notcutt na Latham. Hapa ndipo desturi iliyokuja kudumu inapoonekana kwa mara ya kwanza: picha ilihesabiwa kuwa ndiyo kazi, na sauti ikahesabiwa kuwa ni kiambatisho chake.

Gari la Sinema na Mkalimani

Mwaka 1939, vita vilipoanza, serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu ya Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za afya huko Nigeria. Idara hiyo ilidumu hadi mwaka 1955. Sellers alishika nadharia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hakuweza kufuata filamu iendayo kwa haraka. Picha zilipaswa kuwa ndefu, rahisi, zisizo na hila za kamera. Nadharia hiyo imekosolewa sana, na kwa haki. Lakini ilikuwa na matokeo ambayo yeye mwenyewe hakuyatilia mkazo: maadamu picha ilifanywa kuwa pole na tupu, kazi yote ya kuitia maana ilimwangukia mkalimani.

Mkalimani huyo alikuwa mtumishi wa ngazi ya chini. Alisimama kando ya gari akiwa na kipaza sauti, mngurumo wa jenereta ukiwa nyuma yake. Alipewa maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, naye akayageuza palepale katika lugha ya wasikilizaji. Katika nchi ya Embu na Meru hii ilikuwa na maana ya kuvuka kutoka Kiswahili cha serikali kwenda Kiembu, Kimbeere au mojawapo ya lahaja za Kimeru, na kurudi tena katika Kiswahili kila lilipopungua neno. Filamu ilipokwisha aliulizwa maswali, akajibu. Msemaji wa namna hii hakutafsiri tu. Alichagua la kutangulia na la kufuata, alitia mithali, alitaja mto na mlima waliojua wasikilizaji, na pengine aliliacha lile aliloona kuwa litawachukiza.

Wakati wa Hali ya Hatari kazi yake ilikuwa nzito zaidi. Hali hiyo ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizobanwa. Kuanzia mwaka 1954 watu walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa boma, na kando ya msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki refu ili kuwatenga wapiganaji walioko msituni na jamaa zao. Magari ya sinema ya idara ya habari yalipelekwa vijijini kueneza maneno ya serikali. Sehemu zilizoko ukingoni mwa msitu, kama zile zinazoizunguka Kianjokoma, zilikuwa hasa ndizo zilizokusudiwa kuhubiriwa.

Hebu msomaji afikirie hali ya mkalimani usiku kama huo. Mbele yake wamekaa watu ambao baadhi yao wana watoto msituni. Nyuma yake yuko afisa ambaye yumkini anajua Kiswahili kidogo na hajui Kiembu kabisa. Picha inaonyesha watu waliosalimu amri wakipewa chakula. Alisema nini? Alitumia neno gani kuwataja wapiganaji: neno la serikali au neno la wenyeji? Alisema “sisi” au “wao”? Mafaili ya idara yaweza kumwambia mtafiti ni filamu gani iliyoonyeshwa na watu wangapi waliohudhuria. Hayamwambii neno hata moja lililosemwa kwa Kiembu. Usemi wa Waswahili kwamba mali bila daftari hupotea bila habari unaeleza sawasawa hasara hiyo, kwa kuwa hapa daftari lilikuwapo, lakini lilihesabu vichwa na likayaacha maneno.

Baada ya Uhuru magari hayakukoma. Wizara ya habari iliendelea kuyapeleka masokoni, yakionyesha habari za ujenzi wa taifa, na makampuni ya biashara nayo yakatuma yake, yakichanganya filamu za kuchekesha na matangazo ya sabuni na dawa za meno. Kwa watoto wengi wa mashambani wa miaka ya 1960 na 1970, Kiswahili cha matangazo hayo kilikuwa miongoni mwa Kiswahili cha kwanza walichokisikia nje ya darasa, na bila shaka kilichangamka kuliko kile cha darasani.

Mji na Karatasi Zake

Mijini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Royal Theatre ya Zanzibar, iliyojengwa na Hassanali Adamjee Jariwalla mwaka 1921, ilifuatwa na majumba mengi ya pwani na ya bara. Huko kulikuwa na milango, tikiti, mabango, karatasi za matangazo na foleni. Filamu za Kihindi, kama Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, zilipendwa mno na watu wasiojua Kihindi. Walioelewa waliwanong'oneza wasioelewa, na waliorudia mara ya pili wakawaeleza waliokuja mara ya kwanza. Ni kusema kwamba mkalimani alikuwapo hata mjini, ila hakuajiriwa na mtu. Alikuwa ni jirani wa kiti cha pili.

Ukalimani huo wa mtazamaji ndio uliozaa msamiati. Neno sinema lilitaja jumba na pia lile lililoonyeshwa ndani yake. Neno picha, katika usemi wa “kwenda kutazama picha”, lilipata maana mpya bila ya kuiacha ile ya kwanza. Filamu lilikuja likazoea. Lakini neno lenye mafunzo zaidi ni stelingi, ambalo pia hutamkwa steringi. Asili yake ni neno la Kiingereza lililoandikwa katika mabango kabla ya jina la mchezaji mkuu. Msomaji wa bango wa Afrika ya Mashariki alilichukua kuwa ni cheo cha mtu huyo, akamwita stelingi; na tangu hapo stelingi akawa ni shujaa wa kisa, yule asiyekufa mpaka mwisho. Neno hili ni ushahidi kwamba bango lilisomwa, na lilisomwa na watu waliolipa maana yao wenyewe. Bango lenye tarehe, likihifadhiwa, laweza kumsaidia mwanaisimu kukisia ni lini neno la namna hii lilipata kuingia. Bango likitupwa, hubaki kubahatisha.

Zilikuwapo pia filamu za Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Tanganyika, zilitengenezwa filamu chache za kuchekesha na kufundisha, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Kijana huyo mtumishi wa serikali ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika Januari 1962. Bango au picha ya filamu hiyo ingekuwa kikumbusho cha siasa na cha sinema kwa pamoja.

Katika miaka ya 1960 kilifuata kikumbusho cha karatasi kilichofika hata mashambani, nacho ni gazeti la hadithi za picha. African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum, lilikuwa na mpelelezi Lance Spearman, Mwafrika mwenye kofia na suti, aliyewashinda wabaya toleo baada ya toleo. Tanzania ilipata Film Tanzania, lililohaririwa na Faraji H. H. Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965. Magazeti haya yalikuwa ni sinema ya mtu asiye na jumba la sinema: picha zilizopangwa mfululizo, na maneno ndani ya vitone. Yalipita mikono mingi mpaka yakachakaa, na ndiyo sababu nakala safi ni adimu. Kwa mtafiti, nakala iliyochakaa ina faida zaidi, kwa kuwa uchakavu wake waonyesha kwamba ilisomwa.

Televisheni na Kanda Zake

Televisheni ilianza Kenya Oktoba 1962. Mwanzoni ilikuwa ya Nairobi na wenye uwezo. Ilichukua miaka mingi kufika miteremko ya Mlima Kenya, na ilipofika, mara nyingi ilitegemea betri ya gari iliyobebwa sokoni kutiwa moto. Nyumba moja yenye televisheni ilikuwa ni ukumbi wa kijiji kizima.

Katika miaka ya 1980 vipindi vya kuchekesha vya Sauti ya Kenya, kama Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilipata umaarufu mkubwa. Umuhimu wake kwa lugha haujachunguzwa inavyostahili. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alijulikana nchi nzima kwa jina la Mzee Ojwang'. Alikisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo. Watazamaji wa kabila mbalimbali walicheka kwa sababu walizitambua lafudhi za wenzao, na kwa kuzitambua walikiri kwamba Kiswahili kilikuwa ni nyumba ya wote, kila mtu na mlango wake. Anayetaka kuandika historia ya Kiswahili cha Kenya hawezi kuiandika bila ya kanda hizo.

Lakini kanda ni kitu cha hatari. Ilikuwa ghali, na iliweza kufutwa na kutumiwa tena. Hata mashirika tajiri yalifanya hivyo. BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwamo vya Doctor Who. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya mchezo huo vilivyodhaniwa kupotea vilikuwa vimepatikana katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. Vilikuwa ni nakala za filamu zilizopelekwa Afrika kuonyeshwa, zikasahauliwa kabatini. Waingereza walizifurahia sana, na walikuwa na haki. Lakini tukio hilo lina mafunzo kwa Waafrika pia. Aliyezitafuta alikuwa ni mpenzi wa mchezo huo, aliyejua alichokuwa akikitafuta. Kabati za vituo vya Afrika zimo pia kanda za vipindi vya Kiafrika, na hizo zinamsubiri mpenzi wake.

Mkalimani Arudi

Video ilipoenea, majumba mengi ya sinema yalifungwa, na mahali pake pakachukuliwa na vibanda. Katika masoko ya mashambani kibanda cha mabati chenye televisheni moja na benchi chache ndicho kilichokuwa jumba la sinema la kwanza la kudumu. Na humo, baada ya miaka mingi, yule mkalimani alirudi. Tanzania alikuwapo msemaji aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alizitia filamu za ng'ambo maelezo ya Kiswahili. Uganda wapo wasemaji wa Kiganda. Kenya, DJ Afro amepata umaarufu kwa kuzisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akiwapa wachezaji majina na kuwatia katika maisha ya Kikenya.

Wako wanaoziona kazi hizi kuwa ni upuuzi, au uharibifu wa lugha. Mtazamo wa historia unaonyesha vingine. Wasemaji hawa ni warithi wa mtu aliyesimama kando ya gari la sinema, na jirani wa kiti cha pili. Tofauti ni kwamba sauti yao imenaswa katika kanda na sahani, ingawa zile za mwanzo zimekwisha kuanza kuharibika kwa unyevu na vumbi. Ikiwa sauti ya mwaka 1955 imekwisha kupotea, ile ya mwaka 1995 ingali yaweza kuokolewa.

Nini Kikusanywe

Tarehe 27 Oktoba 1980, mjini Belgrade, UNESCO ilipitisha pendekezo la kuhifadhi picha zitembeazo, za filamu na za televisheni, kuwa ni sehemu ya urithi wa mataifa. Tangu wakati huo haikosekani hoja ya kisheria. Inayokosekana ni kazi yenyewe, na katika kazi hiyo idara za lugha zina nafasi yao ambayo haiwezi kuchukuliwa na wauza mabango.

Kwanza, zikusanywe karatasi zenye maandishi ya Kiswahili: mabango, karatasi za matangazo, tikiti, magazeti ya picha, miswada ya maelezo ya filamu. Zikusanywe pamoja na tarehe na mahali zilipotumika, kwani karatasi isiyo na tarehe haimfai mwanaisimu.

Pili, kanda na sahani za wasimulizi wa video zihesabiwe kuwa ni matini, zinakiliwe na kuandikwa.

Tatu, na hili ndilo lisiloweza kungoja, waulizwe walioisikia sauti ya mkalimani. Mtoto wa Kianjokoma aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1955 ameufikia umri wa miaka 80. Mtafiti asimwulize tu ni filamu gani aliyoiona. Huenda hakulijua jina lake wakati ule, wala halijui leo. Amwulize msemaji alisema nini, kwa lugha gani, watu walicheka wapi na walinyamaza wapi. Amwache aigize sauti ile kwa Kiembu, kisha ainase. Masimulizi hayo hayatakuwa sawa na rekodi ya usiku ule; miaka 70 hubadilisha mengi, na mtafiti hana budi kuyapima kwa kuyalinganisha na ya wengine. Lakini ndiyo pekee yaliyobaki.

Hitimisho

Tumekwisha kuona kwamba neno kikumbusho linakitaja kitu kwa kazi yake ya kumfanya mtu akumbuke. Kwa maana hiyo, wakazi wazee wa miteremko ya Mlima Kenya wanavyo vikumbusho vya sinema ingawa hawana tikiti wala bango. Vikumbusho vyao ni maneno, na kwa kuwa ni maneno, wanaostahili kuvikusanya ni wanafunzi wa lugha. Viatu vyekundu vya mwaka 1939 vimepata mnunuzi na vitatunzwa vyema. Maneno yaliyosemwa kando ya gari la sinema hayana mnada. Yatadumu kadiri wenyewe watakavyodumu, isipokuwa atatokea mtu wa kwenda kuyaandika.